Vitangulizi na Mwili wa Ukurasa: Uhakiki wa Utoaji katika CodeIgniter

Kila ukurasa usomwao katika intaneti humfikia msomaji ukiwa na sehemu mbili. Sehemu ya pili ndiyo aionayo: maneno, picha, rangi na mipaka. Sehemu ya kwanza hafiki kuiona, wala hana haja ya kuiona, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya kivinjari chake. Ndani yake mna habari za namna ya maandishi yanayofuata, herufi zilizotumika kuyaandika, lugha yake, muda ambao nakala yake yaweza kuwekwa, na kama kilichoombwa kimepatikana au hakikupatikana. Kati ya sehemu hizo mbili umewekwa mstari mmoja mtupu. Mstari huo ukisha kupita, hapana tena nafasi ya kuongeza neno katika sehemu ya kwanza.

Mpango huu si mgeni kwa mtu aliyezoea barua za zamani za pwani. Mwandishi wa barua zile alitaja kwanza anayeandikiwa, akampa sifa zake na salamu zake, kisha akaandika "ama baada", na hapo ndipo ilipoanza habari yenyewe. Maneno hayo mawili yalikuwa mpaka. Aliyekumbuka salamu baada ya kwisha habari aliweza kuziandika pembeni mwa karatasi. Lakini katika kanuni za intaneti karatasi haina pembeni. Kwa sababu hiyo, kila mistari ya sehemu ya kwanza imeitwa katika makala haya vitangulizi, na sehemu ya pili mwili. Neno kichwa lingefaa kwa umbo, ila limekwisha kutumika kwa kichwa cha habari, kilicho sehemu ya mwili. Na neno anwani limekwisha kushikwa na mahali ukurasa unapopatikana. Kitangulizi ni kile kinachotangulia, na kutangulia ndiko tabia yake kubwa.

Vitangulizi havikuwako tangu mwanzo. Kanuni ya kwanza ya mazungumzo ya intaneti, iliyotumika mwaka 1991 kutokana na kazi ya Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, ilikuwa na jibu la mwili mtupu. Kivinjari kiliomba, seva ikatoa maandishi, mazungumzo yakaisha. Jibu la namna hiyo liliweza kutosha maadam kila kilichotumwa kilikuwa cha aina moja. Picha na mafaili ya aina nyingine yalipozidi, ilibidi mpokeaji aambiwe kabla ni kitu gani kinachokuja. Toleo lililoandikwa rasmi mwezi Mei 1996 liliweka vitangulizi mbele ya mwili, na matoleo yote yaliyofuata yamehifadhi utaratibu huo.

Ugumu ulianza pale kurasa zilipoacha kuandikwa mapema na kuanza kutungwa na programu papo kwa papo. Lugha ya PHP, iliyotangazwa na Rasmus Lerdorf mwezi Juni 1995, inaruhusu amri za programu kuchanganywa na maandishi ya ukurasa katika faili moja. Chochote kilicho nje ya alama za PHP hutumwa kwa msomaji kama kilivyo. Ni wepesi mkubwa, na umewavuta watu wengi. Lakini wepesi huo una gharama yake. Neno la kwanza la mwili likitoka, vitangulizi hutoka pamoja nalo, na mlango wao hufungwa. Si lazima liwe neno: nafasi moja tupu kabla ya alama ya kufungua, mstari mtupu baada ya alama ya kufunga, au baiti tatu zisizoonekana ambazo baadhi ya programu za kuandikia huziweka mwanzoni mwa faili, zatosha kuufunga. Mtungaji akitaka baadaye kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, au kumwekea alama ya kumtambua, PHP humjibu kwamba vitangulizi vimekwisha kutumwa. Kosa hili limewasumbua wanafunzi wa lugha hiyo kwa miaka mingi, na shida yake kubwa ni kwamba linaonekana mbali na mahali lilipotendeka.

CodeIgniter ni mojawapo ya viunzi vilivyotengenezwa ili kuondoa shida za namna hiyo. Kiunzi hapa ni umbo lililokwisha kusimamishwa, ambalo mtungaji huambatisha kazi yake juu yake badala ya kuanza na mti mbichi. Kilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 2006 na kampuni ya EllisLab ya Marekani, na mwaka 2014 kikakabidhiwa kwa chuo cha teknolojia cha British Columbia, nchini Kanada. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2011, la 3 mwaka 2015, na la 4 mwaka 2020. Uhakiki huu wahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, ile inayoitwa Output katika toleo la 2 na la 3, ambayo kazi yake ni kukusanya mwili, kukusanya vitangulizi, na kuvitoa vyote viwili kwa wakati wake.

Wazo lake kuu ni rahisi na lastahili sifa. Mtungaji hana haja ya kumwaga maneno moja kwa moja kwa msomaji. Kila kipande cha ukurasa kinapotayarishwa hukamatwa katika bafa, yaani chombo cha kungojea, kisha huongezwa juu ya vipande vilivyotangulia. Vitangulizi navyo hutiwa katika orodha yao peke yao. Kazi yote ikisha, kiunzi hutoa orodha kwanza, mwili nyuma yake. Hivyo mtungaji aweza kuandika nusu ya ukurasa, akagundua kwamba msomaji hana ruhusa ya kuuona, akabadili jibu lote pasipo kosa. Utaratibu wa kanuni umehifadhiwa, lakini mtungaji ameondolewa mzigo wa kuukumbuka katika kila mstari. Waraka wa mwongozo wake wawashauri hata waiache alama ya kufunga ya PHP mwishoni mwa faili, ili mstari mtupu usipate pa kupenya. Ni ushauri mdogo, lakini waonyesha kwamba waundaji wake waliifahamu shida yenyewe kwa undani.

Kuna jambo jingine linaloonyesha uangalifu wao. Mtungaji aweza kuweka katika ukurasa alama maalumu, na Output huibadili kwa muda uliotumika kuutayarisha. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la kujipamba, lakini lina swali gumu ndani yake: ukurasa ukiwekewa nakala ya akiba ili utolewe tena bila kutungwa upya, nakala hiyo iwe na muda wa msomaji wa kwanza, au na muda wa kila msomaji? Output huandika nakala kabla ya kuibadili alama, na hivyo kila msomaji hupata muda wake wa kweli. Aliyeipanga kazi hiyo alifikiri juu ya msomaji wa pili, si wa kwanza peke yake.

Yasikitisha basi kwamba fikira hiyo haikufika kwenye vitangulizi. Katika toleo la 2, nakala ya akiba ilikuwa na vitu viwili tu: saa ya kwisha kwake na mwili wa ukurasa. Vitangulizi alivyoviweka mtungaji havikuandikwa. Tena nakala hutolewa kabla ya sehemu aliyoiandika mtungaji kuamshwa, kwa kuwa faida yote ya akiba ni kumpumzisha. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuvirudisha. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Ukurasa wa habari ulioandikwa kwa mtindo wa XML, kwa mfano, ulimfikia msomaji wa kwanza ukiwa umetangazwa kuwa XML. Msomaji wa pili, aliyeomba kitu kile kile dakika moja baadaye, aliletewa maneno yale yale, herufi kwa herufi, lakini yametangazwa kuwa ukurasa wa kawaida wa HTML. Programu iliyotegemea tangazo hilo iliweza kuyakataa maandishi yaliyo sahihi.

Kosa hili halionekani upesi, na sababu yake ni njema kuitafakari. Kurasa nyingi za CodeIgniter zilikuwa za HTML, na kitangulizi ambacho PHP yenyewe hukiweka pasipo kuambiwa ni cha HTML. Kwa hiyo nakala isiyo na vitangulizi ilisadifu kuwa sahihi mara nyingi. Mtu apimaye kazi kwa mifano ya kawaida angeipitisha. Lakini kusadifu si kushika kanuni, na mhakiki hapaswi kuihukumu kazi kwa siku zake za bahati.

Kilichokosekana hapo si amri moja iliyosahauliwa tu. Kimekosekana kipimo cha ukurasa ni nini. Aliyeandika akiba ile aliuona ukurasa kuwa ni mwili, na vitangulizi kuwa ni mambo ya safari, ambayo yakisha kumfikisha mwili hayana kazi. Wanafunzi wa tenzi wanaijua hasara ya maoni hayo. Mnakili aliyeona kuwa dibaji na tamati ni maneno ya adabu tu, akaziacha ili kuokoa wino, aliwaachia waliokuja baada yake beti nyingi nzuri zisizo na jina la mtungaji wala mwaka. Hakuharibu ubeti hata mmoja, na bado alichohifadhi si utenzi ule aliopewa.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, nao waonekana katika kitangulizi kinachotaja herufi. Yaweza kudhaniwa kwamba lugha inayoandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini haina la kuhofu. Dhana hiyo ni karibu na ukweli, ila inavunjika katika ng'. Alama ile ndogo ikipigwa kama ilivyo katika taipu, yaani mstari ulionyooka, ni baiti moja tu, nayo ni ile ile katika mipango karibu yote ya herufi. Lakini ikichapwa kwa umbo la kupinda, kama wapendavyo wachapaji wa vitabu na kama zifanyavyo programu nyingi za kuandikia zenyewe bila kuulizwa, katika mpango wa UTF-8 huwa baiti tatu. Kivinjari kisichoambiwa kwamba maandishi ni ya UTF-8 chaweza kuzisoma baiti hizo kwa mpango wa zamani wa Ulaya ya Magharibi, na kutoa alama tatu mahali pa moja. Hapo ng'ombe huwa ngâ€™ombe, na ng'ambo huwa ngâ€™ambo. Msomaji mwenye subira atafahamu. Lakini programu ya kutafuta maneno haitafahamu, na mkusanyaji wa kamusi atakayehesabu maneno kwa mashine atapata maneno yasiyokuwako katika lugha ya mtu yeyote.

Katika toleo la 2 mtungaji aliyetaja aina ya maandishi kwa njia iliyowekwa na kiunzi hakupewa nafasi ya kutaja herufi zake pamoja nayo; kitangulizi kilitoka na aina peke yake. PHP nayo, kabla ya toleo lake la 5.6 la mwaka 2014, haikuwa na UTF-8 kama desturi yake pale mwenye seva asipoiweka. Na kanuni ya mwaka 1999 ilisema kwamba maandishi yasiyotaja herufi zake yachukuliwe kuwa ya mpango wa Ulaya ya Magharibi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2014. Vitu vitatu, kila kimoja chenye udhuru wake, vilikutana juu ya alama moja ya lugha ya Kiswahili. Kwa ukurasa wa HTML dawa ilikuwapo, kwa kuwa HTML yaweza kutaja herufi zake ndani ya mwili wenyewe. Kwa maandishi matupu, ambayo ndiyo namna wanayoipenda wakusanyaji wa matini, dawa hiyo haipo: lisiposemwa na kitangulizi, halikusemwa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hapo hakuna herufi iliyo salama hata moja. Kila herufi ni baiti mbili katika UTF-8, na utenzi mzima ukisomwa kwa mpango usio wake hugeuka kuwa safu za Ø na Ù zisizo na maana yoyote. Tena kuna swali la lugha. Kanuni imeweka kitangulizi cha kutaja lugha ya maandishi, na kwa Kiswahili neno lake ni sw. Kama maandishi ni ya herufi za Kiarabu, huandikwa sw-Arab. Toleo la 2 na la 3 hayakumwekea mtungaji njia mahsusi ya kusema hivyo. Alipaswa kukiandika kitangulizi hicho yeye mwenyewe kwa mkono. Aliyekiandika, akaweka na akiba katika toleo la 2, alikipoteza tangu msomaji wa pili. Maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu yakiachwa bila tangazo, si ajabu mashine kuyadhania kuwa Kiarabu.

Toleo la 3 lilisahihisha mambo haya mawili makubwa. Aina ya maandishi sasa ilitajwa pamoja na herufi zake, na mtungaji asipozitaja, kiunzi kilizichukua katika mipango yake, ambako UTF-8 imewekwa tangu awali. Nakala ya akiba nayo ilianza kuandikwa na orodha ya vitangulizi mbele ya mwili, hali kila kimoja kimetengwa na mwenziwe kwa alama ya mpaka. Ni kana kwamba faili ya akiba ilijifunza umbo la barua: maelezo kwanza, kisha mpaka, kisha habari. Haikuhitaji akili mpya. Ilihitaji kukubali kwamba vitangulizi ni sehemu ya kazi ya mtungaji.

Palibaki neno moja la kulaumu, nalo halikuondolewa na masahihisho hayo. Kwa kuwa kila kitu hungojea katika chombo hadi mwisho, msomaji hapati hata neno la kwanza mpaka la mwisho liwe tayari. Kwa ukurasa wa kawaida si kitu. Lakini kamusi nzima, au mkusanyo mkubwa wa matini unaotolewa kwa mara moja, hukaa wote katika kumbukumbu ya seva kabla ya kuondoka. Waundaji wenyewe walilijua hili, kwa maana katika toleo la 3 njia yao ya kumpa msomaji faili ya kupakua haipiti katika Output kabisa: huandika vitangulizi vyake yenyewe, kisha hutoa faili vipande vipande vya megabaiti moja. Kazi inayohitaji kukwepa mlango wake mkuu ili kupitisha mizigo mikubwa imekiri kwamba mlango ule si wa mizigo yote. Hilo si aibu, mradi lisemwe wazi. Na mwongozo ungewafaa wasomaji wake zaidi kama ungelisema wazi.

Toleo la 4 liliacha jina la Output na kuliweka jibu lenyewe kuwa kitu kimoja. Mwili wake, vitangulizi vyake na namba ya hali yake vimekaa pamoja tangu linapoanza kutungwa, na huanza likiwa limekwisha kutangazwa kuwa HTML ya UTF-8. Badiliko hili ni zaidi ya badiliko la jina. Output ni jina la tendo, nalo humfanya mtungaji kufikiri juu ya kumimina. Jibu ni jina la kitu kilicho na mwanzo na mwisho, kinachoweza kushikwa, kuchunguzwa na kuwekwa. Faida yake yaonekana hata katika namba ya hali. Ukurasa usemao kwa Kiswahili fasaha kwamba kilichotafutwa hakipatikani, huku namba yake ya hali ni 200, yaani kila jambo ni sawa, una ndimi mbili: humwambia mtu ukweli na mashine uwongo. Kosa hilo bado laweza kutendeka katika toleo lolote, kwa kuwa kiunzi hakisomi maneno ya mtungaji. Lakini mwili na namba vikiwa katika mkono mmoja, anayevitengeneza hana udhuru wa kukiona kimoja na kukisahau kingine.

Basi hukumu ya haki juu ya kazi hii ni kwamba ilianza na wazo lililo sawa, ikalitimiza nusu, na ikachukua miaka mingi kulitimiza lote. Iliheshimu vitangulizi wakati wa kutuma, kwa sababu kanuni iliilazimisha. Haikuviheshimu wakati wa kuhifadhi, kwa sababu hapakuwa na wa kuilazimisha. Kati ya mambo hayo mawili la pili ndilo lenye uzito kwa watu wa lugha. Maandishi mengi ya Kiswahili sasa yanatolewa, yananakiliwa na kuwekwa na programu za namna hii, na yatakayosomwa kesho ni yale yaliyohifadhiwa leo. Katika programu ya kuhifadhia matini, jambo la kwanza kutazamwa na mkaguzi lisiwe uzuri wa ukurasa wala upesi wa kufunguka kwake. Aombe maandishi mara mbili, aweke jibu la kwanza na la pili ubavu kwa ubavu, asome yaliyo juu ya mstari mtupu. Yakitofautiana, programu hiyo inahifadhi maneno na kupoteza maandishi.